Risala ya vijana wa Kata ya Ihanja kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Ikungi, kuhusu mafunzo ya upimaji ardhi, malezi ya watoto wadogo na uandaaji wa sherehe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Ikungi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata ya Ihanja,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Ndugu Afisa Tarafa na Ndugu Mtendaji wa Kata,
Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji,
Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, mama zetu, ndugu wananchi,

Itifaki imezingatiwa.

 Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umekuja wakati alizeti imeshapigwa na magunia yako ndani, ndiyo maana unaona wazee wamekaa bila haraka. Tunaishukuru Serikali kwa shule zetu na kwa Kituo cha Afya Ihanja. Hatukuja kusema kwamba hakuna lililofanyika.

Huenda umetarajia vijana waombe pikipiki au jezi. Sisi tumekaa vikao vitatu chini ya mwembe wa shule na tukakubaliana kuomba mafunzo katika fani tatu: upimaji wa ardhi, malezi na elimu ya awali ya mtoto, na uandaaji wa sherehe na mapokezi ya wageni. Tulizichagua hizi kwa sababu kazi zake tayari zinafanyika hapa kwetu, na sisi wenyewe tumo ndani yake. Tunabeba, tunafyeka, tunaosha vyombo, tunafundisha watoto kwa kujitolea. Ila linapofika suala la malipo na jina la mwenye kazi, anaitwa mwenye cheti kutoka mbali. Tumevumilia hali hii kwa miaka, bila kugoma wala kumtukana mtu. Leo tunaomba ruhusa yako tuieleze.

1. Kuhusu upimaji wa ardhi

Mheshimiwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hatimiliki ya kimila kwa ardhi yake. Tumeelezwa mara nyingi katika mikutano kwamba kwanza mipaka ya kijiji ipimwe, kijiji kipate cheti chake, mpango wa matumizi ya ardhi ufanyike, kisha mashamba yahakikiwe moja moja. Wazee wetu wanazitaja hatua hizi kwa kichwa. Kinachokosekana ni mtu wa kupima. Timu ikija hukaa siku chache, na aliyekuwa msibani siku ile shamba lake hubaki bila alama. Akiuliza zamu yake itarudi lini, huambiwa asubiri bajeti.

Katika siku hizo chache sisi ndio tunaofyeka mistari, tunaochimba mashimo na kuchanganya zege la bikoni. Sisi ndio tunaosimama juani tumeshika fimbo yenye kioo huku mashine ikiwa chini ya mwavuli. (Tulielezwa kwamba mwavuli ule ni wa mashine, si wa mtu. Hatuna kinyongo nao.) Mwaka 2022, katika Operesheni ya Anwani za Makazi iliyotangulia Sensa ya mwezi Agosti, baadhi yetu tulipita nyumba kwa nyumba na simu mkononi tukichukua koodineti za kila makazi. Tulijifunza kazi ile kwa siku chache na tukaifanya. Operesheni ilipokwisha, ujuzi ule haukuandikwa popote.

Hasara yake inaonekana katika mabaraza. Hapa kwetu mpaka wa shamba mara nyingi ni mstari wa minyaa uliopandwa na babu. Babu akifariki, mmoja wa wajukuu huamka na kukuta minyaa haipo, na jirani yake huapa kwamba ililiwa na ng'ombe. Kila mfugaji aliyepo hapa anaujua utomvu wa mnyaa, ng'ombe hathubutu. Basi hapo huanza kesi. Wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, ambao kwa sheria watatu kati yao ni lazima wawe wanawake, husikiliza na kusuluhisha. Ikishindikana, shauri huenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 nalo linasuluhisha tu bila kutoa hukumu. Baada ya hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nauli, mashahidi, na mbuzi wa kuuza ili nauli ipatikane. Tumeona ndugu wa tumbo moja wakiuza mifugo yote kwa sababu ya ukanda wa shamba ambao mtu mwenye tepu angeumaliza asubuhi moja, laiti ungekuwa umepimwa mapema.

Zaidi ya hayo, kila mradi hutanguliwa na mpima ardhi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, zikipita pia katika mkoa wetu wa Singida. Kabla bomba halijafukiwa, kila shamba lililo njiani lilipaswa kupimwa na kuthaminiwa. Hata mgodi wa dhahabu wa Mang'onyi, ulio ndani ya wilaya hii, ulihitaji mipaka kabla ya kuhitaji shimo. Mwananchi asiye na mtoto wake hata mmoja anayeweza kuisoma ramani ile hupokea karatasi ya fidia na kuweka dole gumba.

Tunajua vyuo vipo. Kuna Chuo cha Ardhi Morogoro, Chuo cha Ardhi Tabora, na Chuo Kikuu Ardhi kwa wanaofika juu. Hatuombi chuo kama hivyo kijengwe Ihanja. Hilo lingekuwa utani mbele yako. Kikwazo chetu kinaanzia chini zaidi, nacho ni somo la hisabati. Fani hii haimpokei asiye na hesabu, na miongoni mwetu tuliomaliza kidato cha nne, waliofaulu hesabu wanahesabika. Wapo waliosoma muhula mzima bila mwalimu wa somo hilo. Kijana huyo leo anakokotoa mafuta ya pikipiki, nauli na faida bila kalamu, lakini cheti chake kina alama ya F, na F hiyo imemfungia njia ya Morogoro.

Ombi letu: kwanza, tunaomba Halmashauri iruhusu madarasa ya shule ya sekondari yatumike jioni kwa masomo ya marudio ya hisabati na jiografia, ili tuweze kufanya mtihani tena kama watahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu mstaafu anayeishi kata hii amekubali kufundisha; anachohitaji ni kibali, taa na chaki. Pili, tunaomba Halmashauri iwadhamini vijana wawili kila mwaka kusomea ufundi sanifu wa upimaji, kwa mkataba kwamba watarudi kuitumikia wilaya kwa muda utakaoona unafaa. Tatu, kijana atakayeshika kazi ya upimaji katika kata hii, hata kwa siku tano, apewe barua inayosema alifanya nini.

2. Kuhusu malezi na elimu ya awali ya mtoto

Mheshimiwa, tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, mwaka mmoja wa elimu ya awali ni sehemu ya elimu ya lazima. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika darasa tunalolifahamu sisi, kwa sababu wadogo zetu na watoto wetu wamo, idadi ile inapitwa kabla kengele haijalia, na wengine hukaa sakafuni na mifuko ya mbolea waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Anayewafundisha ni binti aliyemaliza kidato cha nne, mwenzetu, anayejitolea. Wazazi humlipa walichonacho: debe la mtama, kuku, wakati mwingine asante. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 tulifurahi sana, na tunafurahi hadi leo, lakini yule wa kujitolea hakuwa katika hesabu ile. Wazazi wengine husema ada imefutwa, na kwa maneno hayo debe la mtama nalo limefutwa.

Mabinti wanaojitolea hivi hawajafundishwa namna ya kumfundisha mtoto wa miaka mitano. Wanafundisha kama walivyofundishwa wao darasa la tatu, kwa kuimba herufi na kwa fimbo. Mmoja wao, mwenye bidii kuliko wote, alitwambia kwamba siku alipoona katika simu ya dada yake watoto wakijifunza kuhesabu kwa vizibo vya soda, alikaa chini akalia, kwa sababu vizibo amevifagia miaka yote. Tunaliandika hili hapa kwa idhini yake.

Na wakati wa palizi hali huwa mbaya zaidi. Mama anakwenda shamba na mtoto wa miaka miwili, au anamwacha kwa dada wa miaka tisa, na dada huyo siku hiyo haendi shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu vituo vya kulelea watoto mchana, kwa masharti ya usajili na mlezi aliyefundishwa. Masharti hayo tunayaona ni ya haki. Lakini Chuo cha Ustawi wa Jamii Kisangara, kinachofundisha walezi wa namna hiyo, kiko Mwanga, Kilimanjaro, na kwa binti wa Ihanja mwenye mtoto mgongoni safari hiyo haiwezekani. Kituo basi hakifunguliwi, na dada wa miaka tisa anaendelea kubeba.

Serikali yenyewe ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu tumboni hadi miaka 8. Tumeisoma. Ni nzuri. Tunaomba ifike.

Ombi letu: tunaomba wale wanaojitolea katika madarasa ya awali wapelekwe mafunzo ya muda mfupi wakati wa likizo, katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Singida au mahali pengine ndani ya mkoa, na wanaofaa wapewe kipaumbele cha kusomea ualimu wa elimu ya awali. Mkoa wetu una Chuo cha Ualimu Kinampanda, kule Iramba. Tunaomba sauti yako ifike huko na wizarani. Tunaomba pia mabinti waliokatisha shule kwa ujauzito wasisahaulike katika mafunzo hayo. Mlango wa kurudi shule ulifunguliwa mwaka 2021, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vina programu ya Elimu Haina Mwisho inayowapokea wasichana wa aina hii. Wengi hapa hawajawahi kusikia jina hilo. Afisa Maendeleo ya Jamii akija siku moja tu na fomu, atazimaliza.

3. Kuhusu uandaaji wa sherehe, mapishi na mapokezi ya wageni

Mheshimiwa, wapo waliocheka tulipoiweka fani hii pamoja na zile mbili. Walisema sherehe si kazi. Sisi tunawaomba wahesabu. Baada ya mavuno, Ihanja na kata jirani za Puma, Muhintiri na Minyughe hazikai Jumamosi bila shughuli: harusi, kipaimara, ubatizo, sendofu, kicheni pati, mahafali, kumshukuru Mungu kwa nyumba mpya. Kamati inakaa, kadi zinatoka, michango inakusanywa kwa miezi. Fedha hizo ni za alizeti na vitunguu vya hapa hapa. Kisha zinapanda gari kwenda mjini: mapambo ya mjini, mahema ya mjini, keki ya mjini, mshehereshaji wa mjini. Kinachobaki kijijini ni majivu ya kuni na vijana wanaosuuza sahani.

Msimu uliopita kulikuwa na harusi katika kata hii, na bwana harusi yumo humu anatabasamu. Gari la mapambo lililolipwa advansi lilikuwa lifike asubuhi. Hadi saa tisa alasiri ukumbi, ambao ni darasa, ulikuwa na madawati na ubao tu. Mabinti wetu walikimbia nyumbani wakaleta vitenge vya mama zao, vijana wakakata matawi ya mwembe, mzee mmoja akatoa taa zake za Krismasi. Maharusi waliingia na watu wakapiga vigelegele. Gari lilifika saa moja usiku likiwa na maua ya plastiki. Mwenye gari alilipwa fedha yake yote kama mkataba ulivyosema. Sisi tulipewa wali, nao ulikuwa mtamu, lakini ulikuwa wali.

Tunakiri pia mapungufu yetu, maana risala isiyokiri haiaminiki. Mpishi wetu anajua sufuria ya kilo ishirini za mchele itashibisha wangapi, ila hajui kuandika bei ya mlo mmoja ili abaki na faida. Tunajua kwamba kadi mia mbili huleta watu mia tatu, kwa kuwa harusi ya kijijini haina mlinzi wa mlangoni, lakini hatujui kuliweka jambo hilo katika mkataba. Na limewahi kutokea jambo la aibu: pilau lililoivishwa alfajiri likaliwa usiku, na watu wengi wakaumwa tumbo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba chakula kilichopikwa hakikai juani kwa saa kumi na mbili kikimsubiri mchungaji.

Kazi hii haiishii kijijini. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mikutano, makongamano na semina zimejaa kule, na barabara ya lami inaunganisha Singida na Dodoma. Vijana wa Ihanja wameshakwenda. Wanarudi na habari moja: ukiwa huna cheti unaanzia masinki na unamalizia masinki. Kuku wetu wa kienyeji, ambao sifa yao inajulikana hadi Dar es Salaam, wanapokelewa katika majiko ya hoteli kwa heshima kuliko tunavyopokelewa sisi tuliowafuga.

Chuo cha Taifa cha Utalii na chuo cha VETA cha hoteli na utalii kule Njiro, Arusha, viko mbali na mfuko wetu. Lakini VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa hupimwa, huongezewa mafunzo mafupi pale alipopungukiwa, na hupewa cheti. Wapishi na wahudumu wa hoteli wamekuwa wakinufaika nao kwingine.

Ombi letu: tunaomba watathmini wa utaratibu huo waletwe Ihanja, wakutane na wapishi wetu, wapambaji, washehereshaji na wahudumu. Tunaomba wiki mbili za mafunzo ya usafi wa chakula, hesabu za bei, mikataba na itifaki ya wageni. Afisa Afya na Afisa Biashara wa wilaya wanaweza kuanza hata kabla ya mwalimu wa VETA kufika. Na tunaomba kuangaliwa katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi chetu kiliomba mahema, viti na sufuria kubwa. Tukajibiwa kwamba sherehe ni matumizi, si uzalishaji. Tunaomba jibu hilo litazamwe upya, na aliyelitoa tunamkaribisha harusi ijayo aje na kalamu.

4. Kuhusu ada na mikopo ya masomo

Mheshimiwa, kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Serikali ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, si za shahada pekee kama zamani. Tunashukuru. Ila wengi wetu tunaanzia astashahada au ufundi stadi, na huko mzazi anauza ng'ombe. Mwaka wa ukame hakuna ng'ombe wa kuuza.

Ombi letu: tunaomba utufikishie ombi la mikopo kuteremka hadi ngazi hizo, na wakati tunasubiri, vyuo viombwe kupokea ada kwa awamu zinazofuata mavuno yetu.

5. Kuhusu vyuo visivyo na usajili

Mwenzetu mmoja alilipa ada ya mwaka mzima katika chuo cha mjini kilichomwahidi cheti cha malezi ya watoto. Alipokwenda kuomba kazi aliambiwa chuo hicho hakitambuliwi na NACTVET. Aliporudi alikuta ofisi imekuwa saluni. Mama yake alikuwa ameuza shamba la viazi.

Ombi letu: kila msimu wa udahili, orodha ya vyuo vilivyosajiliwa ibandikwe katika ofisi ya kata na isomwe katika mkutano wa hadhara, pamoja na sifa za kujiunga na tarehe za mwisho. Waombaji wengi hapa hukosa nafasi kwa sababu mtandao ulirudi siku moja baada ya dirisha kufungwa. Kompyuta moja ya ofisi ya kata, ikiruhusiwa kutumika mchana mmoja kwa wiki, itatosha.

6. Kuhusu mafunzo kwa vitendo

Wachache wetu waliofika vyuoni huhangaika kutafuta fildi. Huzunguka na barua hadi muda unaisha.

Ombi letu: ofisi za wilaya yetu ziwapokee kwanza watoto wa wilaya hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeambatanisha daftari lenye majina yetu, elimu ya kila mmoja na fani anayoiomba. Mbele ya majina mengine pameandikwa "anajua kazi, hana cheti". Kurasa za mwisho tumeziacha wazi kwa wenzetu walioko shambani leo. Barua ya mwalimu mstaafu kuhusu masomo ya jioni imo ndani ya daftari, imekunjwa mara mbili, na inasubiri sahihi.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, vijana wa Kata ya Ihanja, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida.